Nimesoma vitabu vya startapu, nina milioni 2.8, nataka kuanza chapati za kufungasha. Nianzie wapi bila kuchoma hela?

Segerea Kwanza

Wakuu habari za majukumu. Naenda moja kwa moja maana uzi mrefu hausomwi (japo huu naona utakua mrefu tu).

Nimeajiriwa, mshahara sio wa kutisha, nimejibana miaka miwili nimefikisha milioni 2 na laki 8. Wazo langu ni chapati za nusu iva, yani inasukumwa, inapitishwa kwenye chuma kidogo, inapoa, zinafungwa tano tano zinaingia friza, mtu akitoka kazini saa mbili usiku anatupia kwenye frampeni dakika mbili anakula. Supamaketi nimeona zipo za kutoka nje ila bei imechangamka na ladha sio ya nyumbani. Chapati najua, hapo sitaki ubishi, kwenye shughuli za ukoo naitwa jikoni kabla sijavua viatu.

Sasa nikasema kabla sijatoa hata mia nisiishie kwenye motivesheni za mitandaoni, nitafute vitabu vyenyewe. Nimesoma The Lean Startup cha Eric Ries (2011), The $100 Startup cha Chris Guillebeau (2012) na The Mom Test cha Rob Fitzpatrick. Nilichoambulia, cha kwanza anasema usijenge kitu kizima gizani, toa kidogo, pima, jifunze, rudia. Cha pili kimejaa watu walioanza na hela ndogo kwa kutumia ujuzi waliokua nao, mule kuna jamaa wa Portland kafukuzwa kazi akaanza kuuza magodoro, akawa anawapelekea wateja kwa baiskeli. Cha tatu anasema usimuulize mama yako kama wazo lako ni zuri maana atakudanganya kwa upendo.

Nimeelewa kabisa, ila nikifunga kitabu nikafungua daftari langu nakuta nimeandika hivi:

frem (chumba cha duka) Tabata 150,000 kwa mwezi, mwenye nayo anataka miezi sita, 900,000
dalali, mwezi mmoja, 150,000
friza 750,000
mashine ya kukandia, mtumba, 600,000
logo na stika 250,000

Watu kumi niliowauliza wote wamesema wazo zuri sana na watanunua. Swali, niende hivi au kuna njia ya haraka zaidi? Na hivi vitabu vya wazungu wa programu za kompyuta kweli vinafanya kazi kwenye ngano? Wenye uzoefu karibuni, matusi niwekeeni PM.

kinyozi wa usiku

Umesoma kitabu kinachosema usiwaulize ndugu kama wazo ni zuri, ukakifunga, ukatoka nje ukawauliza ndugu kama wazo ni zuri 😂😂 mkuu wewe ni mwenzetu kabisa

Winga Mstaafu

Mkuu ngoja nikupe ya Kariakoo. Nimepiga uwinga miaka sita pale Msimbazi na Aggrey, nilivyokuja kusikia hayo mambo ya MVP, sijui bidhaa ya kuanzia ya kujifunzia, nilicheka peke yangu kwenye daladala. Kwenye hicho hicho kitabu cha Ries kuna stori ya Zappos. Mwaka 1999 jamaa anaitwa Nick Swinmurn alitaka kujua kama mtu atakubali kununua kiatu mtandaoni bila kukijaribu. Hakukodi godauni wala hakuagiza kontena. Aliingia maduka ya viatu ya kwao akaomba apige picha, akazirusha mtandaoni, mtu akiagiza anarudi dukani ananunua bei ile ile ya dukani anamtumia. Sasa niambie tofauti yake na winga ni nini? Asubuhi napiga picha dukani kwa tajiri, naweka stetas, mteja wa Mbeya anatuma hela, nakimbia nachukua, nafunga, nampandishia basi. Frem sina, mzigo sina, nina simu na miguu.

Tofauti ipo moja na ndio imeniuma hadi leo. Swinmurn zile pea za mwanzo alikua hatafuti faida, alikua anatafuta jibu. Sisi tulikua tunatafuta cha juu cha leo, kesho tunaanza upya, hakuna anaeandika nani kanunua nini, karudi mara ngapi, kwanini yule hakurudi. Nimeuza pea nyingi sana lakini ukiniuliza saizi gani ya kike inatoka zaidi mwezi wa 12 nakujibu kwa hisia tu. Zappos 2009 ikanunuliwa na Amazon, mimi nikabaki na namba za wateja kwenye simu iliyoibiwa.

Kwahiyo kwako wewe, frem achana nayo. Mashine achana nayo. Jumapili hii kanda kilo tano kwa mikono hapo hapo nyumbani, piga picha unasukuma (sio picha za kupakua, watu wanazijua), weka bei na uandike oda mwisho ijumaa saa kumi jioni, malipo kwanza. Hilo neno malipo kwanza ndio kipimo chenyewe. Halafu wale kumi waliokusifia watumie namba ya kulipia uone wanabaki wangapi.

Mwalimu wa Daftari

Nimejumlisha orodha yako. Frem, dalali, friza, mashine, logo ni 2,650,000. Kwenye 2,800,000 umebakiwa na laki na nusu ya ngano, mafuta, gesi, vifungashio na boda. Yani umejenga banda la kuku hela ya kuku imeisha.

Na kuna kitu nimekitafuta kwenye posti nzima sijakiona. Bei. Umeandika bei ya friza hujaandika bei ya chapati. Weka hapa gharama zako tukupigie.

Segerea Kwanza

Duh, kweli bei sijaandika 🙈. Na kwa faida ya wote mimi ni dada sio mkuu, ila endeleeni tu nimeshazoea.

Kilo moja ya ngano kwangu inatoa chapati 12. Ngano 2,000, mafuta kama 1,200, gesi na chumvi na sukari weka 500. Nilitaka pakiti ya tano niuze 2,500. Mfuko na stika naambiwa 200 kwa pakiti.

@Winga Mstaafu asante sana, hiyo ya kutafuta jibu badala ya cha juu imeniingia.

Mwalimu wa Daftari

Sawa dada yangu. Kilo ni 3,700, gawa kwa 12, chapati moja inakugharimu kama 308. Tano ni 1,540, ongeza mfuko 1,740. Ukiuza 2,500 unabaki na 760 kwa pakiti. Hapo jasho lako la kusukuma hatujalilipa.

Sasa chukua frem ya 150,000 gawa kwa 760. Unahitaji kuuza pakiti 198 kila mwezi kumlipa mwenye nyumba tu, umeme wa friza bado, binti wa dukani bado, na wewe uko kazini hadi saa kumi na moja kwahiyo binti lazima awepo. Na ukimpelekea mteja mmoja pakiti moja kwa boda ya 2,000 umelipa wewe kumlisha. Hiyo 760 inabeba boda pale tu unaposhusha pakiti nyingi sehemu moja. Biashara yako haijaamuliwa na chapati, imeamuliwa na boda. Tafuta jengo moja lenye ofisi nyingi, siku moja ya wiki, mshushie mtu mmoja pale mzigo wote.

Vitabu havikuambii hili la boda kwasababu programu ya kompyuta haipandi pikipiki.

Jamaa wa Juisi

Mimi niwe kikwazo kidogo maana naona mnamsukuma dada wa watu aingie uwanjani.

2019 nilikua na juisi ya ukwaju na ubuyu kwenye chupa, na mimi nilikua msomaji kama wewe, nimejaa yale maneno ya feli haraka, feli kwa bei rahisi, kufeli ni darasa. Nilichukua mkopo wa kikundi cha VIKOBA, milioni moja na nusu, nikaanza kusambaza maduka ya mtaani. Maduka wakaniambia tuachie mali kauli, tukiuza tunakupa. Nikaandika kwenye daftari "mauzo" nikaona grafu inapanda nikajiona nimeshakua mtu. Wiki ya tano nazunguka kukusanya, huyu anasema mama yuko msibani, huyu chupa zimechachuka, huyu ananioneshea chupa tatu zimebaki wakati nimemuachia ishirini na nne. Nilikua na mauzo ya laki sita kwenye karatasi na elfu arobaini mfukoni. Wanakikundi hawasomi kitabu cha kufeli haraka, walikuja kukaa sebuleni kwangu watu saba na kinasa sauti. Friji ikaenda.

Ninachotaka kusema, wengi wa kwenye vile vitabu akifeli anarudi kwenye CV yake anaonekana shujaa kidogo. Mimi nikifeli ada ya mtoto ndio imefeli. Na vitabu vinaandikwa na waliotoka salama, yule wa magodoro kaandikwa, wale waliouza magodoro wakabaki nayo ndani hatuwajui majina. Kwahiyo soma ila usichukue ile hamasa ya juu juu. Kufeli kwa bei rahisi kwako ni kilo tano za ngano. Kufeli kwa frem ni miaka miwili ya kujibana.

Halafu mali kauli usitoe. Hata kwa shemeji. Hasa kwa shemeji.

kinyozi wa usiku

Kinasa sauti imenimaliza 😭

Winga Mstaafu

@Jamaa wa Juisi pole sana mkuu, ila ukiangalia vizuri wewe hukufeli haraka, ulifeli pole pole ukidhani unafaulu. Chupa ikiwa dukani kwa mtu bado ni yako. Mauzo ni hela iliyoingia. Kitabu hakina kosa hapo, daftari ndio lilikudanganya.

Jamaa wa Juisi

Sibishi. Nimekaa nalo hilo muda mrefu.

Lishe na Usalama

Nimefanya kazi viwanda vya chakula miaka kadhaa, niongezee upande ambao wauza viatu hawaujui. Ries kwenye kampuni yao ya IMVU walitoa makusudi programu ya mwanzo ikiwa bado imejaa makosa ili wajifunze mapema, na kwa programu ni sawa, ikigoma unazima unawasha. Chapati ikigoma mtu analazwa. Kwahiyo kwenye chakula unaweza kupunguza kila kitu, logo, jina, mfuko wa kupendeza, aina za bidhaa, usipunguze usafi wala ubaridi.

Kwa ulichoeleza, ipoe kabisa kabla ya kufunga, ukifunga ya moto mvuke unageuka maji ndani ya mfuko na ukungu unaanzia hapo. Weka karatasi ya nailoni kati ya chapati na chapati. Chakula kilichogandishwa kinatakiwa kikae nyuzi 18 chini ya sifuri, friji ya kawaida ya nyumbani ile ya chini sio friza, usimwambie mteja inakaa mwezi kama wewe umeiweka kwenye friji. Umeme ukikatika masaa mengi ikayeyuka usiirudishe kugandisha ukauza, hiyo kula mwenyewe usiku huo huo au tupa. Andika tarehe uliyotengeneza kwa kalamu tu inatosha kwa sasa. Kama huna friza ya uhakika anza na za kuagizwa, mtu anapokea siku ile ile, anagandisha kwake.

Taratibu, mambo ya chakula tangu 2019 yalitoka TFDA (ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa) yakahamia TBS (shirika la viwango), kwahiyo ukikuta posti za zamani zinakuelekeza TFDA zipite. Ukitaka kuingia madukani utahitaji nembo ya ubora, pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwanza, wana mafunzo ya usindikaji na ndio wanaokuandikia barua ya utambulisho kwenda TBS kama mjasiriamali mdogo. Watakaoshika unga wapime afya. TIN (namba ya mlipakodi) ni bure, usimlipe mtu wa pembeni mlangoni akupigie fomu. Jina la biashara unasajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara) mtandaoni. Hivi vifanye wakati unajaribu, visiwe sababu ya kutojaribu, ila pia usikimbilie supamaketi bila navyo.

Chapo Nairobi

Habari zenu kutoka huku Nairobi. Nimesoma huu uzi wote nikacheka kwa sababu mimi nilianza hivyo hivyo, nilidhani wateja wangu ni watu wa ofisi wa kurudi nyumbani wakiwa wamechoka. Hao wananunua mara moja, wanapiga picha, wanasema tamu sana, hawaonekani tena hadi mwezi ujao. Aliyeniokoa ni mama wa kibanda. Yeye anaamka saa kumi usiku kukanda, mkono unauma, na chapo ndiyo inaleta watu kwake, bila chapo chai haitoki. Nikamuuliza unachukia nini kwa kazi yako, sikumuuliza kama atanunua chapo zangu. Akasema kukanda. Hapo ndipo hicho kitabu cha Fitzpatrick kilinilipa, maana kule anasema usiongee kuhusu wazo lako, uliza mtu maisha yake na kitu alichofanya mwisho kwa shida hiyo. Sasa nina vibanda vitatu, kila siku, pesa inaingia kabla sijatoka.

Faida kwa chapo moja ni ndogo kuliko ya pakiti, sitakudanganya. Lakini hazirudi na hazikai friza.

Segerea Kwanza

Nimesoma zote mara mbili mbili. Frem nimemwambia dalali nasitisha, amenuna, kasema wateja wako wengi wanaitaka (kila dalali ana wateja wengi). Jumapili nafanya jaribio la kilo tano. Narudi hapa na majibu, mabaya au mazuri.

kinyozi wa usiku

Tunaweka mkeka hapa tunasubiri

Segerea Kwanza

Wiki tatu zimepita, nimerudi kama nilivyoahidi. Nitaandika kwa urefu maana najua kuna watu wanasoma kimya kimya wana mpango kama wangu.

Wiki ya kwanza. Niliwatumia wale kumi waliosema watanunua, nikaandika bei na malipo kwanza. Wakalipa watatu. Wengine, mmoja kasema hela bado, mmoja kasema niletee tu nitakupa (nikakumbuka kinasa sauti), mmoja kasema yuko kwenye diet tangu lini sijui, wanne wameona meseji hawajajibu mpaka leo na mmoja wao ni dada yangu wa damu. Nikarusha kwenye grupu la kwaya ya kanisani, watu nisiowazoea kabisa wanne wakalipa ndani ya saa moja. Jumla oda saba, pakiti kumi na moja, 27,500 imeingia kabla sijanunua ngano. Ile hisia ya meseji ya hela kuingia kwa kitu ambacho bado hakipo aisee sijawahi kuipata kwenye mshahara.

Kukanda sasa. Chapati 60 kwa mkono, bega liliuma hadi jumatano. Na nilifanya kosa ambalo Ries alishaniandikia nikalisoma nikapita. Kuna sehemu anaeleza baba na mabinti zake wadogo wanaotia barua kwenye bahasha, mabinti wanataka wakunje zote kwanza, halafu waingize zote, halafu wafunge zote, baba anafanya moja moja hadi mwisho, na huyo wa moja moja ndio anayewahi, tena kama bahasha haikai sawa anajua kwenye ya kwanza. Mimi nikasukuma zote, nikapika zote, nikaanza kufunga zote, nafika pakiti ya nane naona mfuko una maji ndani kama bafu. Kumbe zote kumi na moja nilishazipika na nyingi nimeshazifunga za moto. @Lishe na Usalama ulisema na nilisoma, sijui akili ilikua wapi. Nikafungua zote nikazipoza upya kwa feni, boda kasubiri nje dakika arobaini ananipigia honi.

Wateja wawili walisema zimeshikana. Nikajaribu ile ya Toyota ya kuuliza kwanini mara tano, nilidhani ni mbwembwe. Kwanini zimeshikana? Zilifungwa na joto. Kwanini zilifungwa na joto? Boda alikua anakuja saa saba. Kwanini hazikua zimepoa saa saba? Nilianza kupika saa tano. Kwanini saa tano? Nilitoka kanisani saa nne na nusu. Kwanini ulipanga jumapili? Kwasababu Winga alisema jumapili 😂. Kumbe tatizo sio mfuko wala nailoni, ni siku. Nilikua nimeshaulizia mifuko ya bei kubwa! Nikahamishia jumamosi asubuhi, kushikana kumeisha, sijaongeza hata shilingi.

Wiki ya pili nikangoja kuona nani anarudi bila kukumbushwa. Kati ya saba wakarudi wawili. Roho ikashuka kidogo. Nikampigia mmoja wa ambao hawakurudi, sikumuuliza kama zilikua tamu, nikamuuliza jumatatu na jumanne usiku ulikula nini. Akasema jumatatu wali, jumanne alinunua chipsi njiani. Nikauliza chapati ziko wapi? Akasema ah zimo kwenye friji, nimezisahau. Zimo kwenye friji amezisahau. Hiyo sentensi imenifundisha kuliko kurasa zote, maana alizisifia sana siku ya kwanza.

Halafu kati ya wale wawili waliorudi mmoja ni mama mwenye kibanda cha chai karibu na stendi, ambaye mimi nilidhani ananunua kwa ajili ya familia. Akaniuliza mwanangu, hizi unaweza kuniletea arobaini kila siku asubuhi? Nikamkumbuka mtu wa Nairobi. Nikamuuliza anachukia nini, akanionesha kiganja tu.

Tumeongea 400 kwa moja, yeye anauza 500 na chai juu. Anatoa hela asubuhi, mali kauli hakuna, na yeye mwenyewe ndio alisema hivyo kabla yangu.

Mwalimu wa Daftari

Hongera kwa kuandika. Nikupigie. 400 toa 308 ni 92 kwa chapati, hakuna mfuko hakuna stika, unabeba kwenye hotpoti yake. Arobaini kwa siku 26 ni chapati 1,040, ni 95,680 kwa mwezi kwa mama mmoja, kabla hujatoa ya boda na ya mkandaji. Pakiti inakupa 152 kwa chapati lakini ina boda ya kila mteja na ina mteja anayesahau kwenye friji. Ukinunua ngano kwa mfuko wa kilo 25 badala ya kilo moja moja hiyo 308 inashuka, kaulizie bei ya jumla kabla hujamkubalia bei ya mwisho.

Ila sasa swali gumu, kilo tatu na nusu kila alfajiri nani anakanda? Wewe unaingia kazini saa mbili.

Chapo Nairobi

Mama mmoja usimuite biashara bado. Akiugua wiki moja umesimama. Tafuta wa pili kabla ya mashine.

Jamaa wa Juisi

Mimi niliyekuja kukukatisha tamaa nimefurahi. Umetumia hela ngapi mpaka sasa?

Segerea Kwanza

@Jamaa wa Juisi, ukiondoa hela iliyoingia nimetoa mfukoni kama elfu 38, nyingi ni boda na chuma kikubwa kimoja nilichonunua. Milioni 2.7 na ushee ipo ilipo. Nimelala usingizi mzuri kwa kweli.

@Mwalimu hapo pa nani anakanda ndio nimekwama. Kuna binti wa jirani kamaliza form four yuko nyumbani, nimemjaribu jumamosi mbili, kusukuma anajua kuliko mimi ila chumvi anatupia kwa jicho. Nimempimia kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja na nusu kwa kilo, juzi zikatoka sawa. Tumekubaliana nimlipe kwa chapati sio kwa mwezi mpaka tuone. Mashine ya laki sita naanza kuiwaza upya kama mama wa pili akipatikana, sio kabla.

Pakiti sijaziacha, kuna wale wa kwaya wanaagiza kila jumamosi, ila nimeacha kujidanganya kuwa ndio biashara.

Winga Mstaafu

Andika majina yao na tarehe. Kwenye daftari sio kwenye simu. Simu inaibiwa.

Segerea Kwanza

Nimeshanunua kaunta buku 😄

Mwenye boda anayetoka Segerea kupita Tabata Relini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, wa uhakika, anicheki PM. Jumatatu ndio siku ya kwanza ya zile arobaini.